Mugiriki wa Saa Sita

Anastasie Uweka alipata kazi ya kufagia Nyumba ya Mugiriki kwa sababu wafagiaji watatu waliomtangulia walikimbia mmoja baada ya mwingine, na wa tatu aliacha hata viatu. Ilikuwa mwaka wa 1998. Nyumba ilikuwa tayari biro ya serikali, ile ya kuandikisha watoto wanaozaliwa, watu wanaooana na watu waliokufa. Shefu wa wakati ule, mwanaume mnene aliyechoka kutafuta wafanyakazi, aliona heri amwambie mapema.

“Mama, humu iko muzimu.”

“Inafanyaka nini?”

“Inapigaka mashini ya kuandika. Kila siku, saa sita ya muchana.”

“Inachafuaka?”

Shefu akafikiri. “Hapana.”

“Basi mi nitafagia.”

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mjane kutoka Mahagi, na watoto wawili aliowaacha kwa mama yake. Alikuwa amepanga chumba kimoja huko Shari, pembeni ya mji. Kabla ya hapo alikuwa ameshindana na mashemeji watatu juu ya shamba moja la kahawa, akashindwa. Mzimu unaojua kazi ya ofisi haukumtisha sana.

Nyumba yenyewe iko Bunia, kwenye njia inayoshuka kuelekea mto Nyamukau. Chini ni mawe, juu ni matofali ya kuchoma, mbele ina baraza yenye nguzo sita, na mabati yake ni yale ya zamani, mazito, ambayo fundi wa leo akiyaona anatikisa kichwa kwa heshima. Aliyeijenga, miaka ya hamsini, alikuwa mfanyabiashara Mugiriki aliyeuza vitambaa, chumvi na taa za petroli. Jina lake lilikuwa refu, kwa hiyo halikukaa. Kilichokaa ni kifo chake, na hapo mji haujapatana mpaka leo. Wengine husema alipigwa risasi kwenye baraza wakati wa vita vya sitini na nne. Wengine husema alijinyonga katika depo ya vitambaa kwa ajili ya mwanamke. Wengine tena, hasa wazee wa soko, husema aliumwa na nyoka akitafuta miwani yake chini ya meza, na kwamba anaitafuta mpaka sasa. Wote wanapatana juu ya jambo moja tu: saa sita, jua likiwa kichwani, yuko juu ya dari, anaandika barua kwa mashini, ta-ta-ta, ta-ta.

Anastasie alimsikia siku ya nne. Wafanyakazi wote walikuwa wametoka mbio saa sita kasoro dakika tano, kama walivyofanya kila siku, na wasingerudi kabla ya saa nane. Akachukua ngazi ya mbao iliyokuwa katika chumba cha vitabu, akasukuma mlango mdogo wa dari, akapanda na fagio lake. Juu hakukuwa na mtu wala mashini. Kulikuwa na vumbi, rejista za zamani zilizopangwa kama kuni, na joto la kuoka mkate. Ta-ta-ta, ikaanza tena, juu kabisa ya kichwa chake. Akagusa bati, akaungua kidole. Jua lilikuwa linayanyoosha mabati, nayo yalikuwa yanasugua misumari. Akafagia kidogo kwa kuwa alikuwa amekwisha kupanda, akashuka.

Shefu aliporudi, akamwambia. “Ni mabati, shefu. Jua ikipiga, inajinyoosha.”

Shefu alimtazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. “Mama Anastasie,” akasema polepole, “ile maneno usiambie batu.”

Anastasie akaelewa. Mzimu huo uliwapa watu kumi na wanne masaa mawili ya kupumzika kila siku, na yeye ulimpa nyumba nzima tupu ya kulia maharagi yake kwa utulivu. Hakusema uongo. Watu wakimwuliza kama amesikia mashini, alijibu amesikia, maana alikuwa amesikia.

Miaka michache baadaye alikutana kwenye parokia na mzee aliyekuwa mpishi wa Mugiriki. Mzee akamwambia kwamba bwana wake aliondoka Bunia kwa ndege na masanduku mawili, akiwa mzima kabisa, akilalamika juu ya mafua. Kwa miaka sita hivi alikuwa akituma kadi ya Noeli. Anastasie alifikiri juu ya mtu huyo aliyekufa mara tatu Bunia na bado anatuma kadi. Hilo nalo akaliweka moyoni.

Kisha vita vikaingia mjini.

Kila mtu wa Bunia ana mwezi wake wa tano wa 2003, na wengi hawapendi kuusimulia. Wa Anastasie ulianza asubuhi, saa tatu, akiwa anapangusa madirisha. Risasi zilianza upande wa mto, zikakaribia. Wafanyakazi walikimbia kila mmoja na njia yake. Walibaki watu sita ambao hawakuwa na njia: Sébastien, aliyekuwa karani wa mashini ya kuandika, mke wake Denise, aliyekuwa amemletea chakula, mama mzazi wa Denise, na watu watatu waliokuja kutafuta karatasi, ambao hakuna aliyewajua. Mmoja wao, kijana mrefu, alikuwa bado ameshika tikiti yake ya kungojea, namba kumi na moja.

Waliokuwa wanakuja na bunduki siku ile walikuwa wanatafuta watu wa kabila la Sébastien. Wiki iliyofuata wangekuja wengine, kutafuta kabila lingine. Anastasie, mtu wa Mahagi, hakuwa anatafutwa na yeyote siku ile. Angeweza kutembea mpaka Shari, na labda angefika.

“Mupande,” akawaambia, akisimamisha ngazi.

Walipanda wote, mama mkwe akisukumwa kwa mabega. Anastasie alikusudia kuondoa ngazi na kwenda zake. Akaitoa, akaishika mikononi, akatafuta pa kuificha. Chumba kilikuwa na meza moja na kabati moja. Ngazi ya mita tatu haifichiki nyuma ya kabati. Mtu yeyote akiiona, atatazama juu. Pa kuificha palikuwa juu ya dari tu, na wa kuivuta ni lazima awe na nguvu. Akawatazama waliokuwa juu. Sébastien alikuwa mwembamba kama kalamu zake. Kijana wa tikiti alikuwa anatetemeka. Basi Anastasie akaisimamisha tena, akapanda, akaivuta mwenyewe, akafunga mlango wa dari.

Walikaa huko siku nne. Walikalia rejista za watoto waliozaliwa kabla ya uhuru. Walikuwa na chakula cha Denise, kidumu kimoja cha maji ambacho Anastasie alikuwa nacho kwa kupangusa madirisha, na ndoo yake ya kazi, iliyofanya kazi nyingine. Mchana joto lilikuwa la kuua. Mama mkwe aliomba kwa midomo bila sauti, na kijana wa tikiti akaitikia Amina vilevile, bila sauti.

Siku ya tatu, karibu saa sita, vijana waliingia ndani. Juu walisikia milango ikivunjwa na meza zikiburutwa. Walikuwa kama watano. Walichukua saa ya ukutani, muhuri wa biro na kiti cha shefu. Mmoja akasema vitabu hivi vyote vichomwe. Mwingine akauliza kiberiti kiko wapi.

Hapo jua likafika pahali pake, na mabati yakaanza. Ta-ta-ta. Ta-ta.

Chini, meza iliyokuwa inaburutwa ikasimama.

“Ni yule Mugiriki,” sauti moja ikasema.

“Mugiriki gani?”

“Ule wa mashini. Babu alituambiaka. Ikifika saa sita anaandika.”

“Anaandika nini?”

“Majina.”

Hakuna aliyepata kusikia kabla ya siku ile kwamba Mugiriki anaandika majina; kijana huyo alikuwa ameliongeza mwenyewe, kwa woga. Wakati huohuo vumbi la rejista likamwingia Sébastien puani. Denise aliona uso wake unavyojikunja, akamfunika kwa kitenge, lakini alichelewa. Sébastien akapiga chafya. Mara moja. Kisha, kwa kuwa ya kwanza haikutoka vizuri, akapiga ya pili.

Chini, sauti ya kijana mdogo, ambayo ilikuwa haijakomaa vizuri, ikasema kwa heshima kubwa:

“Pardon, muzee.”

Wakatoka. Hawakukimbia, walitoka kwa kunyata, kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa. Na kabla ya kutoka, wakarudisha kiti.

Siku ya tano, mitaa iliponyamaza, wale saba wakashuka. Sébastien hakuweza kusimama vizuri. Alishika mkono wa Anastasie, akasema: “Tusiseme ni nani alikuwa na nani. Na weye usiseme. Batachoma nyumba yako.” Ilikuwa kweli. Siku zile, nyumba zilichomwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Wakaagana pale barazani. Sébastien na watu wake wakashika njia ya kusini, wakaishia Boga. Wale watatu wengine walikwenda kila mtu na njia yake, yule mrefu bado na tikiti yake.

Hivyo ndivyo Mugiriki alivyobebeshwa jambo zima. Wale vijana wenyewe walilisimulia kwenye vizuizi vya barabara, likazunguka mji. Maduka ya kulia yaliporwa, ya kushoto yaliporwa, na Nyumba ya Mugiriki haikuguswa tena. Anastasie alirudi kazini, akasafisha dari, akanyamaza miaka ishirini. Hata watoto wake hakuwaambia. Walidhani mama yao siku zile nne alikuwa kwenye misheni, na yeye aliwaacha wadhani.

Mwaka wa ishirini, shefu mpya, Monsieur Lionel, alikuja na barua. Nyumba imezeeka, barua ilisema, itauzwa, na biro itahamia katika kontena mbili nyuma ya uwanja. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana: Mathieu, muuza simenti na mabati, mtu wa miaka thelathini na saba, mpole, mwenye tumbo linaloanza. Alitaka kuibomoa yote mpaka msingi na kujenga duka la ghorofa tatu. Alikuwa na sharti moja. Kabla ya nyundo ya kwanza, mchungaji aje aondoe mzimu, na biro impe karatasi yenye kuonyesha kwamba mzimu umeondoka.

Monsieur Lionel alikuwa mtu wa karatasi. Hakuona ubaya. “Itakuwa na procès-verbal, karatasi ya serikali,” akasema, “na témoin.” Shahidi alikuwa Anastasie, maana wengine wote walikuwa wageni kazini.

Jioni hiyo Anastasie alipiga simu Boga mara nane kabla ya kumpata Sébastien.

“Sébastien, banataka kukufukuza.”

“Nani? Mi niko Boga.”

“Ku plafond, juu ya dari. Banaleta pasteur.”

Akamsikia Sébastien akitoka nje na simu, mlango ukifungwa.

“Banataka niseme kama muzimu iko ao haiko,” Anastasie akasema. “Nikisema haiko, banabomoa. Nikisema iko, nimedanganya mubele ya Mungu. Na nikisema vile ilikuwa, ninakutaja.”

“Ni siku gani?”

“Mercredi, saa ine ya asubui.”

“Ungoje. Usiseme kitu mpaka nifike.”

Jumatano, saa nne ya asubuhi, viti vilikuwa vimepangwa barazani. Pasteur Serge alikuwa na suti nyeusi na Biblia yenye zipu. Mathieu alikaa mwisho, karibu na njia, hakuingia chini ya paa. Anastasie aliona hilo. Tangu ahadi ya kununua, alikuwa amekuja mara tano kupima kiwanja, na mara zote tano aliipima nyumba kutoka nje.

Pikipiki kutoka Boga ilifika wakati wa wimbo wa kwanza. Sébastien alishuka, mwekundu wa vumbi mpaka kwenye nyusi, mwenye mvi, mwembamba vilevile. Akamsalimia Anastasie kwa mikono miwili, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Walidhani amekuja kuandikisha kifo.

Pasteur Serge akamgeukia shahidi. “Mama Anastasie, umetumika humu miaka ishirini na tano. Utuambie bila kuogopa. Muzimu iko ao haiko?”

“Iko sept,” Anastasie akasema.

Kalamu ya Monsieur Lionel ikasimama.

“Sept?”

“Sept, batu saba. Mumoja alishakufa. Mumoja ni miye.”

Akasimulia. Alisimulia kama anavyofagia, kutoka pembe moja mpaka nyingine bila kuruka: mabati, ngazi, ndoo, tikiti namba kumi na moja. Alipofika kwenye chafya akamtazama Sébastien, kwa kuwa hiyo haikuwa yake.

Sébastien akasimama, akavua kofia. “Muzimu yenye ilipiga chafya ni miye,” akasema. “Ninaomba musamaha kwa biro kama ilileta matatizo.”

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mathieu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya simenti yake.

“Ilikuwa chafya ngapi?” akauliza.

“Mbili.”

“Ya pili ilikuwa namna gani?”

“Ilikuwa kubwa kupita ya kwanza. Denise, bibi yangu, alinifunika na kitenge, lakini ilipita.”

Mathieu akatazama chini, kisha akatazama dari ya baraza, kisha tena chini. “Nilikuwa na miaka kumi na saba,” akasema. “Ni miye nilisema pardon.”

Anastasie akashika nguzo. Miaka ishirini alikuwa amejiuliza sauti ile ilikuwa ya mtoto wa nani.

“Tulikusikia,” Sébastien akasema. “Tulikosa namna ya kujibu.”

Mathieu akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Halafu akaja, akapanda ngazi za baraza, akaingia chini ya paa, akampa Sébastien mkono. Hawakukumbatiana. Sébastien aliushika mkono ule muda mrefu kuliko desturi, akauachia.

“Niandike nini?” Monsieur Lionel akauliza.

“Uandike tuliomba,” Pasteur Serge akasema, akafungua zipu ya Biblia. Aliomba kwa ajili ya mama mkwe, aliyekwisha kufa, na kwa majina ya wengine, akimwuliza Anastasie jina baada ya jina. Wale watatu wa karatasi hawakuwa na majina, akawaombea kwa hesabu.

Baada ya siku nne Mathieu alileta barua ya mistari miwili ya kujitoa katika ununuzi. Alijenga duka lake kwenye njia ya uwanja wa ndege. Nyumba haijauzwa, haijakarabatiwa vilevile. Kontena mbili zipo nyuma, zinaota kutu. Huko Shari jirani mmoja aliacha kumsalimia Anastasie kwa miezi mitatu, na jirani mwingine, ambaye walikuwa hawazungumzi, alimletea sahani ya unga bila kusema ni ya nini. Mjini simulizi haikufa. Sasa wanasema Mugiriki ana wasaidizi saba.

Bijou, binti wa Anastasie, alipata habari kwa watu wa soko. Akaja nyumbani, akasimama mlangoni, akauliza: “Mama, ile misheni ya siku ine...”

“Ilikuwa ngumu,” Anastasie akasema. “Uingie, ukule.” Na walipokuwa wanakula, akamwambia yote, hata habari ya ndoo. Bijou alilia juu ya ndoo kuliko juu ya bunduki.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Mathieu alikuja biro kuandikisha mtoto. Alikaa kwenye benchi kama watu wote, akangoja kama watu wote. Alipomaliza, akamfuata Anastasie kwenye ua, ambako alikuwa anaanika vitambaa vya kupangusia.

“Mama, ule muzee wa Boga, anapendaka nini?”

Anastasie alifikiri. “Samaki. Huko kwao banakula ya kukauka tu.”

Ijumaa, pikipiki aliyoituma Mathieu iliondoka Tchomia, kando ya ziwa, alfajiri na samaki mbichi aina ya kapitene, ya kilo tisa, imefungwa kwa majani na mfuko wa simenti. Njia ilikuwa mbaya, mvua ilikuwa imenyesha, na dereva alilala njiani. Jumapili baada ya misa, simu ya Anastasie ikalia.

“Samaki ilifika,” Sébastien akasema.

“Iko namna gani?”

“Ilianza kuoza kidogo upande wa kichwa.”

“Muliitupa?”

“Hapana. Denise alikata kichwa, tukakula yote. Umuambie ilikuwa mzuri. Na umuambie, siku ingine, atume ya chumvi.”